Mzizi, Msumari na Unyoya: Waingereza Walivyosaka Chanzo cha Vita Vyao

Tarehe 11 Desemba 1640, umati wa watu wa London ulifika Westminster na ombi lililotiwa saini na watu wapatao 15,000. Aliyelifikisha mbele ya Bunge ni Isaac Pennington, mzee wa jiji na mbunge. Waombaji walitaka utawala wa maaskofu katika Kanisa la Uingereza ufutwe, pamoja na vyeo, mahakama na kanuni zote zilizoutegemea, mizizi na matawi. Tangu hapo maneno hayo, "root and branch", yamekaa katika Kiingereza kama msemo wa mageuzi yasiyobakiza kitu, na hati yenyewe inajulikana hadi leo kwa jina hilo. Haikupita miaka miwili nchi ikaingia vitani, mfalme upande mmoja na Bunge lake upande wa pili. Hoja ninayotaka kuitetea hapa ni kwamba misemo ya Kiingereza kuhusu chanzo cha mambo haikuzaliwa mahali pamoja, wala haisemi jambo moja. Kizazi kile kile kilichopigana vita hivyo kilikuwa na misemo minne ya namna hiyo mdomoni: mzizi, kuni na cheche, msumari, na unyoya wa mwisho. Kila mmoja ulitoka katika kazi fulani ya mikono, na kila mmoja ulibeba dai lake kuhusu nani alaumiwe na nini kifanywe. Walioshika mzizi peke yake waliirahisisha kazi ya kutafuta chanzo kupita kiasi, na urahisishaji huo ukawa mojawapo ya sababu za vita vyenyewe.

Tuanze na mzizi, kwa kuwa ndio uliotamba. Waingereza waliupata shambani, lakini heshima yake waliipata kanisani. Mahubiri ya Kilatini ya zama za kati yalizoea kuitaja tamaa kuwa mzizi wa maovu, na Geoffrey Chaucer, katika hadithi zake za mahujaji wa Canterbury za mwishoni mwa karne ya 14, alimweka mhubiri mmoja ambaye mahubiri yake siku zote yalijengwa juu ya mstari huo. William Tyndale alipochapisha Agano Jipya kwa Kiingereza mwaka 1526, maneno ya Paulo kwa Timotheo kuhusu kupenda fedha yaliingia katika lugha ya watu wa kawaida, na tafsiri ya mwaka 1611 ikayakaza. Tafsiri hiyo iliyasoma kama kwamba mzizi wa maovu yote ni huo mmoja tu. Wafasiri waliolirekebisha Agano Jipya mwaka 1881 waliyarudia maneno ya Kigiriki na kuandika kwamba kupenda fedha ni mzizi mmojawapo wa maovu ya kila aina. Kwa muda wa vizazi vingi, basi, Mwingereza alisikia kanisani kwamba uovu wote una mzizi mmoja. Na kutoka kitabu cha Malaki alisikia habari za siku itakayowateketeza waovu bila kuwaachia mzizi wala tawi. Picha hiyo ina madai matatu ndani yake: kwamba chanzo ni kimoja, kwamba kimejificha chini na kinachoonekana juu ni matokeo tu, na kwamba kikishang'olewa, yote yaliyokitegemea yatanyauka yenyewe.

Ombi la mwaka 1640 linaonyesha waziwazi madai hayo yakifanya kazi. Limepangwa kwa vifungu 28, na kila kifungu ni tawi. Baadhi ya matawi hayo yanahusiana na maaskofu moja kwa moja: wahubiri waliofukuzwa, ibada zilizopambwa kwa namna iliyowakumbusha watu Roma, mahakama za kanisa zilizowasumbua waumini. Lakini orodha haikuishia hapo. Limo lalamiko la vitabu vya kipuuzi na vya mapenzi vilivyotapakaa mitaani, hata vile vilivyotokana na mshairi wa Kirumi Ovid. Limo lalamiko la uzinzi kuongezeka, na la hodhi za biashara zilizopandisha bei. Limo lalamiko la waumini waliokimbilia Uholanzi na kwingineko, biashara ya nguo ikadorora na maskini wakakosa kazi. Mwisho kabisa zikatajwa vurugu kati ya mfalme na raia wake wa Scotland. Mtu akisoma vifungu hivyo kimoja baada ya kingine, anaona kila aina ya shida ya maisha ikifungwa kwenye shina lile lile. Hodhi za biashara zilitoka kwa mfalme aliyetafuta fedha bila Bunge. Vitabu vya mapenzi vilitoka kwa wachapaji na wasomaji wao. Katika ombi vyote vikawa matunda ya uaskofu, maana picha ya mti hairuhusu tunda lisilo na mti wake.

Waandishi wa ombi hilo hawakukosa picha nyingine ya kutumia. Miaka 15 kabla, mwaka 1625, Francis Bacon, aliyepata kuwa waziri mkuu wa sheria wa mfalme kabla ya kuanguka kwake mwaka 1621, alichapisha toleo la mwisho la insha zake, na mojawapo inahusu uasi na machafuko. Picha yake aliitoa jikoni na ghalani. Alieleza kwamba njia ya hakika ya kuzuia uasi ni kuondoa vitu vinavyoweza kuwaka, kwa sababu kuni zikishakusanyika, ni vigumu kujua cheche itatokea wapi. Akazitaja kuni zenyewe kuwa za aina mbili, umaskini mwingi na manung'uniko mengi. Hapa chanzo kimegawanyika. Ipo hali inayokusanyika polepole, na lipo tukio dogo linaloiwasha, na vitu hivyo viwili havina asili moja. Mwenye kuwasha cheche hakuzileta kuni, na mwenye kukusanya kuni huenda hakuwahi kushika kiberiti. Lawama nayo inagawanyika: kuni ni wajibu wa mtawala, kwa kuwa yeye ndiye mwenye uwezo wa kupunguza umaskini na manung'uniko kabla moto haujaja. Bacon alikuwa mtu wa serikali, akaandika kwa jicho la mtu wa serikali, lakini ushauri wake uliwahusu wakubwa kuliko wadogo.

Msumari uliingia kwenye maandishi ya Kiingereza kwa mlango wa unyenyekevu zaidi. George Herbert, mshairi na kasisi wa Bemerton karibu na Salisbury, alifariki mwaka 1633 akiwa ameacha mkusanyiko wa methali zaidi ya 1,000 za mataifa ya nje alizozitia katika Kiingereza. Zilichapishwa mwaka 1640, mwaka ule ule wa ombi la London. Mojawapo inasimulia kwamba kwa kukosa msumari kiatu cha farasi kilipotea, kwa kukosa kiatu farasi akapotea, na kwa kukosa farasi mpanda farasi akapotea. Benjamin Franklin aliitumia kule Marekani mwaka 1758 kuwaonya watu juu ya uzembe, na katika matoleo ya baadaye mlolongo ukarefushwa hadi ufalme mzima ukaanguka. Picha hii inatoka kwa fundi anayepigilia farasi viatu vya chuma. Fundi huyo anajua kwamba msumari mmoja ukilegea, mnyama mzima hafai safari. Tofauti yake na mzizi ni kubwa. Mzizi ni mkubwa na una nguvu za kuzaa yanayofuata, lakini msumari ni mdogo na hauzai kitu, ila kukosekana kwake kunaacha mlango wazi. Anayefikiri kwa msumari hatafuti adui wa kung'oa. Anatafuta mahali palipokosa uangalizi, na dawa yake ni kuangalia mapema. Mswahili aliyesema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta alikuwa na hekima hiyo hiyo.

Unyoya ulikuja na vita vyenyewe. Mwaka 1645, huko Paris, wakimbizi wawili wa upande wa mfalme walibishana mbele ya Bwana wa Newcastle kama binadamu ana hiari au matendo yake yote yamelazimishwa na sababu zilizotangulia. Mmoja alikuwa mwanafalsafa Thomas Hobbes. Mwingine alikuwa John Bramhall, askofu wa Derry kule Ireland, mmoja wa wale ambao waombaji wa mizizi na matawi walitaka waondolewe. Mabishano hayo yalichapwa katika miaka ya 1650, na ndani yake Hobbes anatoa mfano wa farasi aliyelimbikiziwa manyoya mgongoni. Unyoya wa mwisho, anasema, unaweza kuambiwa kuwa umemvunja farasi mgongo, lakini wenyewe ni sehemu ya mwisho tu ya sababu, wala sababu nzima si huo. Katika karne ya 19 farasi akageuka ngamia na unyoya ukawa unyasi, na Charles Dickens aliutumia msemo huo wa "last straw" katika riwaya yake ya Dombey and Son. Dai lake ni tofauti na madai yale mengine yote. Hakuna unyoya uliokuwa mkubwa kuliko mwenzake, hakuna uliojificha chini, na hakuna ambao peke yake ungemwangusha mnyama. Bandu bandu huisha gogo, na anayetafuta pigo moja lililolimaliza gogo anatafuta kisichokuwapo.

Sasa tuutazame mzizi ulivyofanya kazi kwa vitendo, kwa kuwa hapo ndipo ushahidi wenye uzito ulipo. Bunge lililoanza kikao chake tarehe 3 Novemba 1640, ambalo historia imeliita Bunge Refu, lilikuwa karibu na kauli moja katika mambo mengi. Mfalme Charles wa Kwanza alikuwa ametawala bila Bunge kwa miaka 11 kuanzia 1629, akatoza kodi ya meli hata katika mikoa isiyo na pwani, na akawatumia majaji wake kuihalalisha. Katika miezi ya mwanzo wabunge walipitisha sheria ya kulazimisha Bunge liitwe kila baada ya miaka mitatu, wakaiharamisha kodi ya meli, wakaifuta mahakama ya mfalme iliyoitwa Star Chamber. Watu ambao baadaye wangekuwa nguzo za upande wa mfalme walizipigia kura hatua hizo. Edward Hyde, aliyekuja kuwa Bwana Clarendon, alikuwa miongoni mwa wakosoaji wakali wa majaji wa kodi ya meli. Umoja huo ulipasuka lilipofika suala la maaskofu. Mwezi Februari 1641, ombi la London lilipojadiliwa, George Digby alikubali kwamba maaskofu wamekosa, lakini akataka uaskofu urekebishwe badala ya kufutwa. Muswada wa mizizi na matawi ulipoletwa mwezi Mei mwaka huo, Hyde aliwekwa kuongoza kamati iliyoupitia, naye akafanya awezalo kuuchelewesha. Huko mikoani, kuanzia Cheshire, watu walianza kutia saini maombi ya kuwatetea maaskofu, na kwa mara ya kwanza mfalme akapata kundi la kusimama naye. Bila kundi hilo asingeweza kupandisha bendera yake ya vita Nottingham tarehe 22 Agosti 1642, kwa sababu mfalme asiye na wafuasi hana jeshi.

Mzizi ulipokatwa, haukuzaa kilichoahidiwa. William Laud, askofu mkuu wa Canterbury, alikatwa kichwa tarehe 10 Januari 1645, na uaskofu ukafutwa rasmi mwaka 1646. Kama madai ya picha ya mti yangekuwa sahihi, vurugu zingenyauka hapo. Zilizidi kuchipua. Wapresbiteri, waliotaka kanisa liongozwe na mabaraza ya wazee, na wale waliotaka kila usharika ujitawale wakaanza kugombana juu ya kanisa jipya. Askari wa Bunge wasiolipwa mishahara yao wakawachagua wasemaji wao, na katika vuli ya mwaka 1647 wakakaa Putney kujadili nani awe na haki ya kupiga kura. Vita vya pili vikaja mwaka 1648, mwezi Desemba mwaka huo jeshi likawafukuza wabunge lisiowaamini, na tarehe 30 Januari 1649 mfalme mwenyewe akakatwa kichwa. Mwaka 1660 ufalme ulirudi, na mwaka uliofuata maaskofu wakarejea kwenye viti vyao katika Baraza la Malodi. Miaka 20 ya kung'oa ilikuwa imepita, makumi ya maelfu ya watu wamekufa, na mti uleule umesimama palepale. Aliyekuwa askofu mkimbizi Bramhall akafanywa askofu mkuu wa Armagh.

Mtu anaweza kupinga kwamba waombaji wale hawakukosea kuhusu maaskofu, na pingamizi hilo lina nguvu. Laud alitumia mamlaka yake kuwabana Wapuritani, waumini waliotaka kanisa lirekebishwe zaidi. Kitabu cha sala ambacho mfalme na maaskofu walikilazimisha Scotland mwaka 1637 kilizusha ghasia katika kanisa la Mtakatifu Giles mjini Edinburgh tarehe 23 Julai, na kutokana na hayo vikaja vita viwili na Waskoti, mwaka 1639 na 1640. Bila vita hivyo mfalme asingeishiwa fedha, na bila kuishiwa fedha asingeita Bunge. Kwa hiyo maaskofu wamo ndani ya sababu, tena kwa sehemu kubwa. Lakini kuwa sehemu kubwa ya sababu na kuwa mzizi wa yote ni mambo mawili. Laud alikuwa ameshakamatwa mwezi ule ule wa ombi, na mahakama zilizowatisha watu zilivunjwa mwaka 1641. Kilichomuudhi muumini wa London kingeweza kurekebishwa, na wengi wa wabunge walikuwa tayari kukirekebisha. Picha ya mzizi ndiyo iliyogeuza urekebishaji kuwa usaliti, kwa sababu mtu akishaamini kwamba tatizo ni mzizi, kila anayependekeza kupogoa matawi anaonekana kuulinda uovu. Hapo ndipo msemo unapoacha kuwa pambo la maneno na kuwa nguvu ya kisiasa.

Lipo pingamizi la pili, kwamba misemo ni misemo tu. Watu husema mzizi bila kuwaza mti, na ni kosa kuubebesha ushairi wa lugha mzigo wa historia. Ningekubali kama ushahidi ungeishia kwenye maneno. Lakini waombaji hawakulitaja neno hilo kwa kupita. Walihesabu matawi 28 na kuyafunga kwenye shina. Na baada ya vita, waandishi waliojaribu kueleza kilichotokea walitofautiana kwa namna inayofuata picha walizozishika. James Harrington, katika kitabu chake Oceana cha mwaka 1656, alichimba hadi kwenye umiliki wa ardhi. Alidai kwamba mali ilikuwa imeshahama kutoka kwa wakuu kwenda kwa watu, na kwamba kuvunjika kwa serikali ndiko kulikoleta vita, wala si vita vilivyovunja serikali. Clarendon, mtu wa karibu na mfalme, alikataa katakata kuchimba namna hiyo. Alianza simulizi yake na kuingia kwa Charles madarakani mwaka 1625, akawapinga waliodai kuuona uasi ukiandaliwa tangu kifo cha Malkia Elizabeth. Kwake vita vilitokana na makosa ya watu waliojulikana kwa majina, yaliyofanyika kwa miaka michache. Wote wawili walikuwa watu makini walioyaona matukio yale yale, ila mmoja alishika mzizi na mwingine akashika msumari.

Mgawanyiko huo haukuisha na kizazi chao. Mwaka 1941 R. H. Tawney alifufua wazo la Harrington kwa kudai kwamba chanzo ni kupanda kwa tabaka la kati la wenye ardhi. Hugh Trevor-Roper akamjibu mwaka 1953 kwamba wengi wa hao waliopigana walikuwa wameshuka, hawakupanda. Lawrence Stone alikuja na kitabu chake kuhusu sababu za mapinduzi ya Uingereza mwaka 1972, akaacha kutafuta mzizi mmoja. Alizipanga sababu katika ngazi tatu: hali za muda mrefu kuanzia 1529 hadi 1629, mambo yaliyoharakisha kuanzia 1629 hadi 1639, na matukio yaliyofyatua kati ya 1640 na 1642. Kwa lugha ya kisomi alikuwa amerudi kwenye kuni na cheche za Bacon. Conrad Russell naye, mwaka 1990, aliona hata hizo kuni zimekuzwa mno. Aliorodhesha mambo saba yaliyohitaji kukutana, tangu vita na Waskoti na kushindwa kwa mfalme ndani yake hadi kushindwa kwa mazungumzo, na akadai kwamba vita vile visingekuwa vilivyokuwa kama mambo hayo yasingekutana. Huo ni msumari uliozidishwa mara saba. Si lazima tuamue hapa nani kati yao yuko sahihi. Inatosha kuona kwamba baada ya karne tatu za utafiti, nyaraka zilizofunguliwa na mabishano makali, hakuna hata mmoja kati yao aliyerudi kwenye hukumu ya mwaka 1640 kwamba maaskofu ndio chanzo cha yote. Mzizi ulikuwa jibu la haraka kwa swali ambalo halina jibu la haraka.

Pingamizi la tatu linatoka nje ya siasa, nalo ni zito kuliko yote. Kuna nyakati ambapo chanzo ni kimoja kweli, na anayesema sababu ni nyingi anawaacha watu wafe. London hiyo hiyo inatupa mfano. Usiku wa tarehe 31 Agosti 1854 kipindupindu kililipuka mtaa wa Soho, na zaidi ya watu 500 wakafa ndani ya siku 10. Wakubwa wengi wa tiba waliamini kwamba ugonjwa unatokana na hewa chafu inayotoka katika uoza, na kwa hiyo sababu zilionekana kuwa popote penye harufu mbaya. Daktari John Snow alifuatilia nyumba za wafu na maji waliyokunywa, akafika kwenye pampu moja ya Broad Street, na tarehe 8 Septemba mpini wake ukaondolewa. Kasisi Henry Whitehead, aliyeanza kwa kumpinga, alifuatilia zaidi hadi kwa mtoto mchanga wa nyumba namba 40. Nepi za mtoto huyo zilikuwa zimefuliwa, na maji yake yakamwagwa katika shimo la maji machafu lililokuwa hatua chache tu kutoka kisimani. Hapa neno chanzo linastahili kabisa. Hata hivyo Snow mwenyewe aliandika kwamba ugonjwa ulikuwa umeshaanza kupungua kabla mpini haujaondolewa, kwa kuwa watu walikuwa wamekimbia mtaa. Na London haikupona kipindupindu kwa pampu moja. Ilipona kwa mfumo wa mabomba ya maji taka ambao Joseph Bazalgette aliujenga baada ya uvundo mkubwa wa mto Thames mwaka 1858. Kwa hiyo nakubali bila kusita: palipo na njia moja inayopitisha madhara, na inayoweza kupimwa nyumba kwa nyumba, mzizi ni picha ya kweli. Snow alistahili kuitumia kwa sababu alihesabu kwanza, akataja baadaye. Waombaji wa 1640 walitaja kwanza, kisha wakatafuta matawi ya kuhesabu.

Wapo pia watakaosema kwamba kuzigawa sababu ni kichaka cha wenye hatia, kwamba wakosaji wakiwa wengi hakuna atakayewajibika. Hofu hiyo haina budi kuheshimiwa, kwa maana watawala wa kila zama wamejificha nyuma ya maneno kama hali ngumu na mazingira. Lakini kuainisha sababu ni kitu tofauti na kuzirundika. Rundo humficha kila mtu ndani yake, na uainishaji humpa kila mtu fungu lake kwa jina. Kwa kipimo cha Bacon, miaka 11 ya kutawala bila Bunge ni kuni, na mwenye kuni hizo ni Charles. Kwa kipimo cha msumari, mazungumzo yaliyopuuzwa katika mwaka 1641 yana majina ya waliopuuza, wa pande zote mbili. Na siku ya tarehe 4 Januari 1642, mfalme alipoingia bungeni na askari ili kuwakamata wabunge watano na kukuta wameondoka, hiyo ni cheche aliyoiwasha kwa mkono wake mwenyewe. Ukisema maaskofu ni mzizi wa yote, huyo mfalme anapata nafuu, kwa kuwa makosa yake yanageuka matawi ya mti uliopandwa na wengine. Waombaji wenyewe walimsaidia bila kukusudia. Mzizi mmoja humwangusha mtu mmoja na kuwasafisha wengine wote.

Jambo hili linatuhusu Afrika Mashariki kwa sababu ya nyaraka tunazozisoma kila siku. Taarifa za tume, za mashirika ya misaada na za wizara huandikwa kwa Kiingereza, kisha hufasiriwa, na ndani yake "root cause" hurudiwa hadi imekuwa kama neno la ofisini. Sisi nasi tuna msemo wetu wa kukata mzizi wa fitina, kwa hiyo tafsiri hupita laini na hakuna anayesimama kuuliza. Ajabu ni kwamba hata katika viwanda, ambako utafutaji wa chanzo umefanywa kuwa fani, jina ni mzizi lakini kazi ni ya msumari. Mfano unaojulikana zaidi ni wa Taiichi Ohno wa Toyota, katika kitabu chake cha mwaka 1978, anayeuliza "kwa nini" mara tano. Mashine imesimama kwa kuwa fyuzi imeungua. Fyuzi imeungua kwa kuwa beringi imekosa mafuta. Mafuta hayakufika kwa kuwa pampu haivuti vizuri. Pampu haivuti kwa kuwa mhimili wake umelika. Mhimili umelika kwa kuwa hakuna chujio, na vipande vya chuma vikaingia. Mwisho wa maswali hayo matano hakuna adui wa kung'oa. Kuna chujio lililokosekana, na fundi analiweka. Mashine ina njia moja ya mafuta, ndiyo maana mlolongo mmoja unatosha. Migogoro ya ardhi, ya mishahara, ya dini na ya uchaguzi haina njia moja, na taarifa inayoitendea kama mashine itatoa jina la mkosaji mmoja hata pale ushahidi wake unapotaja wanne.

Kwa hiyo msomaji anapokutana na taarifa inayotangaza kwamba chanzo cha tatizo fulani kimepatikana, ana haki ya kuidai ionyeshe ni chanzo cha aina gani. Je, ni hali iliyojikusanya kwa miaka, na kama ndiyo, nani alikuwa na uwezo wa kuipunguza? Je, ni tukio lililoiwasha, na nani aliliwasha? Je, ni kitu kidogo kilichokosa uangalizi, na kazi ya uangalizi huo ilikuwa ya nani? Au ni mzigo wa mambo mengi madogo, ambapo kumwadhibu aliyeweka la mwisho ni kumwonea? Na ikiwa kweli ni mzizi, waandishi wa taarifa hiyo wamehesabu kama Snow, au wamefunga matawi kwenye shina kama waombaji wa London? Maswali hayo hayamzuii mtu kuchukua hatua. Yanaizuia hatua isimwangukie aliye karibu zaidi au anayechukiwa zaidi. Kiingereza cha karne ya 17 kilikuwa na maneno ya kutosha ya kuyauliza yote, na watu wake wakaingia vitani wakiwa wamelishika moja. Sisi tunaoazima misemo ya lugha hiyo kwa ajili ya sheria, tume na magazeti yetu, tuiazime yote minne, na tusilikubali neno mzizi katika taarifa yoyote mpaka aliyeliandika atuonyeshe alivyochimba.